Uliza Fundi: Skripti imeganda, nani kashika upande wa pili wa bomba?

Barua za toleo hili zimekuja nyingi na ukimuondoa mmoja aliyeuliza bei ya laptopu ya mtumba (kaka, hilo nenda mwenyewe Kariakoo) karibu zote zinazunguka jambo moja, mtu kaandika skripti ya Python au bash, skripti inaita programu nyingine ifanye kazi, halafu kinachotakiwa kutoka hakitoki, au kinatoka kimechelewa, au mashine inatulia tu kimya kama mtu aliyekumbushwa deni. Basi leo ni hilo tu.

Kitu kimoja mkishike kwanza maana nitakirudia mpaka mnichoke. Programu yoyote ikizaliwa kwenye Linux inakuta milango mitatu tayari iko wazi. Namba 0 ni stdin, wa kuingizia. Namba 1 ni stdout, wa kutolea kazi. Namba 2 ni stderr, wa kutolea malalamiko. Programu yenyewe haijali nyuma ya mlango kuna kibodi, kuna faili au kuna programu mwenzake, anayepanga hayo ni yule aliyeizaa, yaani skripti yako. Kwahiyo ikikwama usianze kuitukana programu uliyoiita, tuseme ffmpeg (ya kugeuza na kupunguza video), jiulize kwanza, upande wa pili wa ule mlango nimemweka nani na anafanya nini sasa hivi?

Shikamoo Fundi. Mimi nashuti video za harusi na kwaya hapa Arusha, nimeandika skripti ya Python inaita ffmpeg kupunguza ukubwa wa video usiku nikiwa nimelala. Ajabu ni kwamba klipu fupi zinapita zote vizuri ila video ndefu inafika dakika ya tano au sita hivi inaganda, haitoi erori, haifi, asubuhi naikuta pale pale. Nimebadilisha RAM, nimebadilisha hadi hadidiski. Nilitumia Popen (ya kuita programu nyingine ndani ya Python) nikaweka stdout=subprocess.PIPE na stderr=subprocess.PIPE ili isinijazie skrini maandishi, kisha nikaita wait(). Naomba msaada kabla sijabadilisha kompyuta nzima.

Marahaba, na pole kwa hela ya RAM. Kompyuta yako haina ubaya, umenitajia ugonjwa wako mwenyewe kwenye sentensi ya pili kutoka mwisho bila kujua.

PIPE siyo jalala. Ukiandika stderr=subprocess.PIPE unaiambia Python "tengeneza bomba, ffmpeg amwagie upande huu, mimi nitakinga upande ule", halafu wewe badala ya kukinga umekwenda kukaa kwenye wait() unasubiri ffmpeg amalize. Na bomba lina ujazo. Kwenye Linux ya sasa ni baiti 65,536 kwa kawaida, zamani kabla ya kerneli (kiini cha Linux) 2.6.11 zilikuwa 4,096 tu. Likijaa, anayemwaga hasimamishwi kwa kosa wala haonywi, anasubirishwa tu mpaka mtu achote. Ffmpeg anakusubiri wewe uchote, wewe unamsubiri ffmpeg amalize, na hapo mtasalimiana hadi umeme ukatike.

Sasa kwanini dakika ya tano au sita na siyo ya pili? Piga hesabu tuone. Ffmpeg anaandika maendeleo yake kwenye stderr kila nusu sekunde, ule mstari wa frame, fps, size, time na wenzake, weka takriban herufi 90. Mwanzoni kabisa anamwaga maelezo ya toleo lake na ya faili, tuseme baiti elfu nne hivi. Zinabaki kama 61,500, gawa kwa 90 unapata mistari 680 na ushee, kila mmoja nusu sekunde, ni sekunde kama 340. Dakika tano na nusu na kidogo. Klipu ya kwaya inayomaliza kwa dakika tatu haifiki kujaza bomba, inapita, wewe unaona skripti nzima, kumbe ni mgonjwa aliyekuwa hajapandishiwa ngazi.

Ukitaka kushuhudia kwa macho, ikiganda tena fungua teminali nyingine, tafuta namba ya ile prosesi kwa pgrep ffmpeg, kisha piga sudo strace -p na ile namba. Utaona mstari mmoja unaoanza na write(2, halafu kimya. Hiyo 2 ni mlango wa malalamiko, yaani jamaa kasimama mlangoni kashika ndoo. Na kwenye top utamkuta anakula asilimia 0 ya prosesa, mtu anayefanya kazi kweli kwenye video hawezi kula sifuri.

Dawa ni kumpa pa kumwagia pasipojaa, na faili ndiyo rahisi kuliko zote:

```
with open("kazi.log", "w") as logi:
    subprocess.run(
        ["ffmpeg", "-nostdin", "-y", "-i", "harusi.mp4", "ndogo.mp4"],
        stdout=logi, stderr=logi, check=True)
```

Angalia hizo -nostdin na -y nilizokuchomekea. Ffmpeg akikuta faili la kutolea lipo tayari anauliza kama aliandike juu, na swali analiuliza kwenye stderr, ambayo kwako ilikuwa imefungiwa ndani ya bomba usilolisoma, kwahiyo anauliza gizani na anasubiri jibu la mtu aliyelala. Hiyo -y inamjibu kabla hajauliza.

Kama hutaki logi kabisa tumia subprocess.DEVNULL, hilo ndilo jalala halisi (ila soma jibu la mwisho kabisa la leo kabla hujalitumia). Kama unataka maandishi yarudi ndani ya skripti uyachambue, tumia run(..., capture_output=True, text=True), ipo tangu Python 3.7, yenyewe inachota mabomba yote mawili kwa pamoja mpaka mtoto (programu uliyoiita) afe. Au ukibaki na Popen, weka communicate() mahali pa wait(). Wengine wanajifanya wajanja wanasoma stdout yote hadi mwisho ndipo waguse stderr, ni kifo kile kile, maana mtoto akijaza stderr wakati wewe umeng'ang'ania stdout mmekwama tena. Communicate haina shida hiyo ila inabeba kila kitu kwenye memori, kwahiyo programu inayotema gigabaiti za data ielekeze kwenye faili tu usijitese.

Na ukija kutaka kuonyesha asilimia kwenye skrini, usichambue ule mstari wa stderr, hauishii na mstari mpya, unajiandika juu yake mwenyewe, unaweza kujikuta unasubiri mwisho wa mstari usiokuja. Mpe ffmpeg -progress pipe:1 pamoja na -nostats, atakuletea kwenye stdout vipande safi vya jina=thamani, kimoja kwa mstari, na akimaliza anaandika progress=end.

Niaje Fundi, niko Eldoret. Niko na skripti mbili za Python, moja inasoma uzito wa maziwa kutoka kwa mizani kila sekunde mbili na kuprinti, ingine inaita hiyo ya kwanza na kuonyesha namba kwa skrini kubwa pale ofisini. Ya kwanza nikiiwasha peke yake kwa teminali iko sawa kabisa. Nikiiita kutoka kwa ya pili, kimya, watu wananiangalia tu, halafu baada ya kitu dakika tisa namba zinamwagika zote mara moja. Shida iko wapi, ni Popen ama ni mimi?

Poa sana. Siyo wewe na siyo Popen, ni matatu.

Unajua matatu haitoki steji mpaka ijae, dereva akitoka na abiria mmoja anakula hasara ya mafuta. Lakini boda anakubeba peke yako na anaondoka hapo hapo. Programu nyingi zina tabia zote mbili. Zikiona mlango namba 1 umeelekea teminali zinajua kuna mtu anaangalia, zinapanda boda, kila mstari ukiisha unaondoka. Zikiona mlango umeelekea bomba au faili zinajiambia hapa hakuna mtu anayesubiri, tupakie kwanza, zinapanda matatu. Matatu ya Python kwa kawaida inabeba baiti 8,192. Mstari wako ukiwa na herufi 30 inahitaji mistari 273 ijae, kila mstari sekunde 2, ni sekunde 546, ndiyo hizo dakika tisa zako. Mizani haina kosa, namba zilikuwa zimekaa ndani ya gari zinasubiri wenzake.

Ukishaelewa hapo kumbuka kwamba bafa (ndiyo hiyo matatu) iko ndani ya mtoto, kwahiyo kubadilisha mambo upande wa mzazi hakutasaidia. Watu wanahangaika na bufsize=0 kwenye Popen wiki nzima, hiyo inagusa bafa ya mzazi tu. Mtoto ndiye wa kuambiwa. Mwite kwa python3 -u, au mwekee PYTHONUNBUFFERED=1 kwenye mazingira, au kama skripti ni yako andika print(uzito, flush=True), yaani gari liondoke hata kama halijajaa, yaishe. Halafu kwa mzazi soma mstari kwa mstari:

```
kazi = subprocess.Popen(["python3", "-u", "mizani.py"],
                        stdout=subprocess.PIPE, text=True)
for mstari in kazi.stdout:
    onyesha(mstari.strip())
```

Mtoto akiwa programu ya C ambayo huwezi kuibadilisha, jaribu kuitanguliza stdbuf -oL, inamlazimisha apande boda. Haifanyi kazi kwa kila mtu. Python 3 kwa mfano haitumii bafa za maktaba ya C kwahiyo haisikii stdbuf hata ukipiga kelele, na programu iliyojipangia bafa yake yenyewe nayo haisikii. grep (ya kutafuta maneno) ana --line-buffered yake, sed (ya kubadilisha maneno) ana -u. Wakikataa wote inabaki kumdanganya mtoto kwamba anaongea na teminali kweli, kuna moduli ya pty ndani ya Python na kuna pexpect ya kuinstoli, ila kwa mizani ya maziwa hatufiki huko.

Na hii ndiyo inayofanya logi zenu ziwe na historia ya kurudi nyuma. Skripti inaprinti "naanza kazi", inamwita mtoto, inaprinti "nimemaliza", ukiielekeza kwenye faili unakuta maneno ya mtoto juu kabisa halafu "naanza kazi" na "nimemaliza" zimefuatana chini. Mtoto aliandika mwenyewe na kufunga, mzazi maneno yake yalikuwa bado kwenye gari. Flush kabla ya kumwita mtoto, basi.

Fundi naomba unisaidie, natuma majina kwa programu ya sort (ya kupanga orodha) kupitia stdin kutoka Python, naandika kazi.stdin.write kwa kila jina, halafu kazi.stdout.readline. Inaganda hapo hapo kwenye jina la kwanza. Flush nimeweka. Msomaji, Kigoma.

Mfikirie mweka hazina wa kamati ya harusi aliyeambiwa asome michango kuanzia mkubwa kwenda mdogo. Ukimpa bahasha ya kwanza ukamuuliza "haya nani wa kwanza?" atakuangalia tu, anajuaje kama shangazi wa Kasulu hajaja na milioni? Mpaka mwenyekiti aseme daftari limefungwa. Sort ni huyo, hatoi hata herufi moja mpaka aambiwe data imeisha, na kuambiwa huko kunakuja kwa kufunga mlango, kazi.stdin.close(), flush haitoshi. Ila kwa idadi ndogo ya majina usijisumbue na hayo yote:

```
jibu = subprocess.run(["sort"], input="\n".join(majina) + "\n",
                      text=True, capture_output=True)
print(jibu.stdout)
```

run yenyewe inaandika, inafunga, inachota.

Mlango unahesabika umefungwa pale kila aliyeshika upande wa kuandikia anapouachia, akibaki hata mmoja ameshika msomaji anaendelea kusubiri. Na kinyume chake ni hivyo hivyo. Ukiunganisha watoto wawili kwa mkono, tuseme yes anamwagia head anayetaka mistari mitano tu, head anachukua mitano yake anaondoka, lakini mzazi bado kashika kopi ya upande wa kusomea, kwahiyo yes hajui kwamba msomaji kaondoka, anajaza bomba na kusimama milele. Ndiyo maana ukishampa wa pili stdin=wa_kwanza.stdout inatakiwa mstari unaofuata uwe wa_kwanza.stdout.close(). Watu wanauona ule mstari kwenye mifano wanaufuta wakidhani ni mapambo.

Kuna mwingine kauliza pembeni kwanini tunaita bomba. Siyo tafsiri ya kujitungia, mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika kikaratasi akisema programu ziungwe kama mpira wa kumwagilia bustani, ukihitaji kipande kingine unakifunga hapo, na Ken Thompson akaja kuliweka ndani ya Unix mwaka 1973. Kwahiyo miaka tisa wazo lilikuwa kwenye karatasi tu, msikate tamaa na miradi yenu.

Habari Fundi. Nina faili lina majina ya seva 14, nimeandika loopu ya bash, while read seva; do ssh $seva uptime; done < seva.txt. Inafanya ya kwanza tu inaishia hapo, haina kosa lolote. Nikiweka echo badala ya ssh zinatoka zote 14. Nimeanza kuamini mambo ya kishirikina.

Hakuna mchawi hapo. Ndani ya ile loopu mlango namba 0 umeelekezwa kwenye seva.txt, na kila kinachozaliwa ndani ya loopu kinarithi mlango ule ule, ssh (anayekuingiza kwenye kompyuta ya mbali) akiwemo. Tabia ya ssh ni kusoma stdin yote aliyonayo na kuipeleka seva ya mbali, kwahiyo read kachukua mstari wa kwanza, ssh akameza ile 13 iliyobaki akaituma kule ambako hakuna mwenye shida nayo, read akirudi anakuta sahani tupu. Echo hasomi stdin ndiyo maana alikuonyesha zote 14.

Weka ssh -n, au < /dev/null (lile jalala, ukilisoma halina kitu) mwisho wa mstari wa ssh. Mimi napenda hii zaidi, orodha inapita mlango wa pembeni kabisa ambao hakuna mtoto anayeujua:

```
while read -r seva <&3; do
    ssh "$seva" uptime
done 3< seva.txt
```

Ffmpeg ndani ya loopu ana uroho huo huo, anasoma stdin akitegemea utabonyeza q kumsimamisha, kwahiyo anakula herufi za mwanzo za majina ya faili na wewe unakuta erori kwamba "rusi.mp4" halipo. Ndiyo kazi nyingine ya -nostdin. Kaka wa Arusha, hii nayo ichukue.

Fundi mambo. Nataka nakala ya databesi, nimeandika subprocess.run(["mysqldump", "duka", ">", "duka.sql"]) haitengenezi faili, inadai haioni jedwali.

Poa. Ile alama ya > siyo ya mysqldump, ni ya sheli (inayosoma amri unazoandika kwenye teminali, bash kwa mfano), na hapo sheli haipo. Ukipitisha orodha Python inaita programu moja kwa moja na kila kipande kinafika kama kilivyo, kwahiyo mysqldump kaona umempa databesi duka halafu majedwali mawili ya kutoa, moja linaitwa > na lingine duka.sql. Fungua faili mwenyewe kwa open("duka.sql", "wb") na umpe kama stdout, kama nilivyofanya kule juu na logi.

Utaambiwa na marafiki uweke shell=True uandike kama sentensi moja. Itafanya kazi, sikatai. Lakini siku jina la faili litakapotoka kwa mteja, akaja mmoja kaita picha yake "harusi; rm -rf ~" kwa makusudi au kwa utani, sheli itasoma hadi nukta mkato, itamaliza ya kwanza, itaanza ya pili. Hata bila ubaya, jina lenye nafasi katikati tu linatosha kukuharibia usiku. Orodha haina hilo tatizo, jina libebe nafasi libebe nukta mkato ni jina tu.

Natuma nywila kwa ssh kupitia input= lakini bado inaniuliza kwenye skrini. Kwanini haisomi?

Kwa sababu nywila ssh haisomi mlango namba 0, inafungua /dev/tty, yaani inakwenda kuongea na teminali yenyewe moja kwa moja, walifanya hivyo makusudi. Sudo hivyo hivyo, ingawa yeye ukimpa -S anakubali stdin. Wewe tengeneza funguo kwa ssh-keygen, peleka kwa ssh-copy-id, uachane na kuandika nywila kwenye skripti ambayo kesho utaituma WhatsApp ukiomba msaada.

Fundi, kwenye crontab yangu (ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe) nimemaliza kila mstari na 2>/dev/null ili nisipate makelele kwenye baruapepe. Mwenzangu anasema ni vibaya, mimi naona ni usafi. Halafu mstari mmoja nimeandika 2>&1 > logi.txt na erori bado zinakuja kwenye baruapepe, zinapitia wapi?

Nianze na la pili maana ni fupi. Bash inasoma maelekezo kushoto kwenda kulia. Ulipoandika 2>&1 kwanza umesema mlango 2 uelekee kule mlango 1 unakoelekea sasa hivi, na sasa hivi ni kwenye baruapepe ya cron. Kisha ukauhamisha 1 kwenda logi.txt. Ule 2 haukufuatana naye, ulipewa anwani siyo urafiki. Geuza, > logi.txt 2>&1.

La usafi sasa. Nilikuwa natunza seva ya ofisi moja, siitaji, na kila usiku nachukua nakala ya databesi kwa mstari ninaoujua kwa moyo, mysqldump na mambo yake, 2>/dev/null, bomba, gzip > nakala ya tarehe. Kila asubuhi naangalia folda nakuta faili jipya limezaliwa, nafurahi, nakunywa chai. Siku moja diski ikafa. Nikaenda kwenye nakala kwa kujiamini kabisa, nikapiga ls -l, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza macho yangu yalitua kwenye ile safu ya ukubwa. 20. 20. 20. Chini yake 20. Faili baada ya faili, wiki tatu nzima, kila moja baiti 20.

Baiti 20 ni gzip (programu ya kubana faili) akiwa amefunga hewa. Jaribuni wenyewe, printf '' | gzip | wc -c. Wiki tatu nyuma mtu alibadilisha nywila ya databesi, mysqldump akawa kila usiku anakataliwa mlangoni, analalamika kwenye mlango namba 2, na mlango namba 2 mimi nilikuwa nimeuelekeza shimoni. Yeye alitoka na namba ya kushindwa (exit code), ila mstari wenye bomba unarudisha matokeo ya wa mwisho, na wa mwisho ni gzip, ambaye kazi yake ya kufunga hewa aliifanya vizuri akarudisha 0. Kwahiyo cron ilikuwa na furaha, mimi nina furaha, data hakuna.

Sasa skripti zangu zote za bash zinaanza na set -o pipefail, akishindwa yeyote kwenye mnyororo mstari mzima unahesabika umeshindwa. Kwenye Python ni check=True kwa kila run, na ukiwa umeunga watoto wawili angalia returncode ya kila mmoja baada ya kuwasubiri wote, siyo ya wa mwisho peke yake. Ukiona namba hasi, -9 kwa mfano, mtoto hakushindwa mwenyewe, kauawa kwa ishara namba 9, na mara nyingi ni kerneli iliyoishiwa memori. Angalieni tu msije mkamuadhibu grep, yeye akirudisha 1 ana maana hakukuta kitu, kosa lake halisi ni 2. Stderr peleka kwenye faili, kila usiku lake, na mwisho wa skripti pima ukubwa wa nakala, ikiwa chini ya ile ya jana kwa nusu piga kelele. Makelele ya baruapepe unayoyakimbia ndiyo hayo hayo niliyokuwa nayahitaji mimi.

Data ya ile ofisi tuliipata kwa mhasibu, alikuwa na tabia ya kutoa ripoti za Excel kila Ijumaa na kuziweka kwenye flashi yake kwa sababu, alivyoniambia mwenyewe, hawaamini watu wa kompyuta. Tulikaa siku nne tunaingiza mauzo kwa mkono, yeye anasoma mimi naandika.